Mwulize Bi Daktari: Baka la duara lililokuja na wageni

Barua nyingi zinazonifikia ni za sukari, presha na vidonda vya tumbo. Mwezi huu ni kupe, kupe, kupe. Nadhani ni kwa sababu wanetu walioolewa Ulaya wamerudi likizo, na mmoja wao ameteremka uwanja wa ndege akiwa na alama mguuni. Hiyo ndiyo barua ya kwanza, na nimeijibu kwa urefu. Nyingine nimezijibu kwa kadiri ya haja yake.

Shikamoo Bi Daktari. Binti yangu ameolewa Ujerumani, upande wa Freiburg, karibu na msitu mkubwa. Amekuja Malindi na mumewe na mtoto wao, naye ana mimba ya miezi mitano. Siku ya pili tukiwa jikoni nikaona nyuma ya goti lake baka la mviringo, kubwa kuliko mdomo wa kikombe cha kahawa. Haliwashi, haliumi. Jirani akasema ni mashilingi, nikatuma mtoto duka la dawa akaleta krimu. Tumepaka siku sita, na baka sasa ni kama kisahani. Mkwe wangu anasema ni ugonjwa wa kupe, kwao wanauita Borreliose, na kweli binti anakumbuka alibandua kupe hapo mguuni wiki tatu nyuma walipokwenda kuchuma matunda msituni. Huyu ananiambia apelekwe Nairobi akapimwe damu, yule anasema atundikiwe dripu mwezi mzima, na mimi naogopea mimba. Ni ugonjwa gani huu, na dawa yake ni nini? — Mama Pacha, Shela, Malindi

Marahaba mwanangu. Wasomaji wajue kwamba barua hii sikuingoja ipigwe chapa. Nilipofika pale kwenye kisahani niliiweka miwani chini nikachukua simu. Binti alionwa na daktari siku hiyohiyo, akaandikiwa dawa, na Mama Pacha amenipa ruhusa niichapishe kwa faida ya wengine.

Mkwe wako hakukosea. Ugonjwa wenyewe kwa Kiingereza unaitwa Lyme, na sisi tuuite hivyo hivyo maana Kiswahili chake hakijapatikana. Unaletwa na bakteria mwenye umbo la kizibuo, aliyejificha ndani ya kupe wa misitu ya nchi za baridi: Ulaya, Marekani na baadhi ya Asia. Kupe huyo akiwa mchanga ni mdogo kama mbegu ya mchicha, kwa hiyo wengi huwa hawamwoni kabisa. Binti yako alimwona, na hiyo ni bahati, ingawa alichelewa. Kwa kawaida lazima kupe anyonye muda mrefu, mara nyingi zaidi ya saa 24, ndipo bakteria wavuke kuingia mwilini.

Nitawaambia kwa nini barua hii ilinishtua. Miaka mingi nyuma, nikiwa tabibu kijana kule Lamu katika zahanati ya vyumba viwili, alikuja mwanamke mgeni kutoka Ubelgiji, amepanga nyumba Shela ile ya kwetu. Akapandisha suruali. Pajani pana baka jekundu, katikati pamepauka. Sikufikiri mara mbili. Choa, yaani hayo hayo mashilingi ya jirani yako. Nikampa marhamu ya Whitfield, na nikafanya jambo moja tu la maana siku ile: nikachukua kalamu ya wino wa buluu, nikachora mstari kuzunguka ukingo wa baka, nikamwambia arudi siku ya tatu.

Siku ya tatu akarudi. Baka lilikuwa limevuka wino wangu kwa upana wa kidole, pande zote, kama maji ya bamvua yanavyovuka alama ya jana pale gatini. Choa hakiendi mbio hivyo. Nilisimama nikiutazama mstari, kisha nikauliza swali lililopasa kuulizwa mwanzo: "Kabla ya kuja Lamu, ulikuwa wapi?" Akasema alikuwa kwa dada yake, Ardennes, kila siku wanatembea msituni na mbwa. Mimi sikujua maana yake. Nilichora mstari wa pili nikamwomba akifika kwao aende moja kwa moja kwa daktari. Kesho yake akapanda ndege Manda. Baada ya miezi miwili nikapata kadi ya posta: daktari alikuta bado kuna alama hafifu ya wino, akauliza nani alichora, akampa vidonge, akapona. Kadi ile ninayo mpaka leo. Haya ninayoyajua kuhusu Lyme yalianzia kwenye aibu ya siku ile.

Basi, mtu atalijuaje baka hili? Hutokea siku 3 hadi 30 baada ya kuumwa na kupe, mara nyingi kama wiki moja hivi. Hukua siku kwa siku na huvuka sentimita 5. Kwa kawaida haliwashi sana wala haliumi, na halina magamba. Choa kina magamba, kinawasha, na ukingo wake una vipele vidogo ukiupapasa. Sasa sikilizeni: picha zote zilizojaa vitabuni ni za miguu ya Wazungu, duara jekundu kama shabaha ya kulengea. Kwenye ngozi zetu wekundu huo haujitokezi. Utaona weusi-weusi au zambarau, kama mtu aliyejigonga kwenye ukingo wa kitanda, na wakati mwingine halina duara la ndani hata kidogo. Ndiyo maana nasema kalamu ni bora kuliko picha. Chora, ngoja siku mbili, tazama limevuka au halikuvuka.

Kuhusu damu ya Nairobi: hapana haja. Kipimo hicho hakimtafuti bakteria mwenyewe, kinatafuta kingamwili, askari wanaotengenezwa na mwili, na askari hao huchukua wiki kadhaa kujikusanya. Baka likiwa bichi, kipimo kinaweza kusema "hakuna" na mgonjwa anaye. Kwa hiyo mtu aliyetoka eneo la Lyme, akiwa na baka la namna hii, huanzishiwa dawa bila kungoja maabara. Nauli ya Nairobi mnunulieni mtoto nguo.

Na dawa yenyewe si ya ajabu. Ni doksisiklini, hiyohiyo watalii wanayokunywa kujikinga na malaria, imo katika maduka ya dawa mengi hapa. Mtu mzima hupewa miligramu 100 asubuhi na miligramu 100 jioni. Mwongozo wa Marekani wa mwaka 2020 unasema siku 10 zinatosha kwa baka. Waingereza wanatoa siku 21. Usibabaike kwa tofauti hiyo, ni mabingwa wanaobishana juu ya tahadhari. Wote wawili wanakubaliana kwamba ni vidonge, na kwamba ni siku za kuhesabika. Asiyeweza doksisiklini hupewa amoksilini, miligramu 500 mara tatu kwa siku kwa siku 14, au sefuroksimu miligramu 500 mara mbili kwa siku 14 pia. Azithromaisini huwekwa akiba kwa asiyeweza hizo zote, maana nguvu yake hapa ni ndogo kidogo.

Binti yako ana mimba, hivyo doksisiklini iliwekwa kando. Nilimwuliza kwenye simu kama amewahi kuvimba au kutokwa na vipele kwa penisilini, akasema la. Daktari akamwandikia amoksilini. Mama mjamzito akitibiwa sawasawa, haijaonekana kwamba Lyme inamdhuru mtoto tumboni, kwa hiyo hofu hiyo uiweke chini. Hofu iliyo sahihi ni ya kuacha vidonge siku ya tano kwa sababu baka limefifia. Amalize.

Nilimwonya pia juu ya siku ya kwanza. Baadhi ya watu, saa chache baada ya kumeza dozi ya mwanzo, hupanda homa na kutetemeka, na viungo kuuma kuliko jana. Hiyo ni ghasia ya bakteria wanaokufa kwa wingi, na kwa kawaida hupita ndani ya siku moja. Si mzio. Mzio ni kuvimba midomo, kutoka vipele vya kuwasha na kifua kubana. Hapo ndipo unakimbia hospitali. Mama Pacha akanipigia saa mbili usiku: "Bi Daktari, anatetemeka!" Midomo? Haijavimba. Anapumua vizuri? Vizuri. Basi mpe maji na parasetamoli mlale. Asubuhi yuko barazani anakula mahamri.

Dripu sikuitaja mpaka hapa kwa sababu si ya ugonjwa huu ukiwa kwenye ngozi. Ina mahali pake. Lyme isiyotibiwa huweza, baada ya wiki au miezi, kufika kwenye mishipa ya fahamu, kwenye moyo, au kwenye magoti. Ikipooza upande wa uso, vidonge vya doksisiklini vya siku 14 hadi 21 hutumika. Ikiingia kwenye utando wa ubongo, shingo ikakakamaa na kichwa kikapasuka, hapo hutolewa seftriaksoni kwa mshipa, gramu 2 kwa siku, kwa wiki mbili hadi tatu, ingawa wengine hutibiwa kwa doksisiklini ya vidonge. Moyo ndio usiochezewa: mapigo yakiwa ya polepole sana, mtu anazimia au anapata kisunzisunzi, huyo ni wa kulazwa na kuunganishwa na mashine ya moyo, aanze kwa dawa ya mshipa. Goti likivimba, ni vidonge siku 28. Tazama basi: hata mgonjwa aliyefika mbali, hakuna anayehitaji dripu ya miezi.

Jambo la mwisho, mkwe na mtoto nao walikwenda msituni. Ugonjwa huu hauambukizwi kwa kulala kitanda kimoja wala kwa kikombe, lakini kupe hachagui mguu. Mtoto akaguliwe nyuma ya masikio, kwenye nywele, kitovuni na mapajani. Wakirudi kwao, mtu akiumwa na kupe aliyekaa siku nzima na nusu au zaidi, daktari wao anaweza kumpa dozi moja tu ya kinga, miligramu 200 za doksisiklini, ila iwe ndani ya saa 72 tangu kupe atolewe. Hiyo si kwa mjamzito.

Bi Daktari, assalaam aleikum. Nilifanya kazi ya jikoni hotelini Marekani, jimbo la Connecticut, miaka minne. Mwaka wa mwisho goti langu la kulia lilivimba likawa kama dafu. Nikaambiwa ni Lyme, nikapewa vidonge siku 28, uvimbe ukaisha. Nimerudi Lamu mwaka na nusu sasa. Goti zima, ila uchovu hauniachi, usingizi wa mang'amung'amu, viungo vinaumauma. Nimepima damu tena, imetoka kwamba ninao. Kuna watu mtandaoni wanauza tiba ya miezi sita, dripu pamoja na dawa za kutoa sumu, wanataka maelfu ya dola. Ninalo shamba la minazi. Niuze? — Baharia wa Nchi Kavu, Langoni, Lamu

Waaleikum salaam. Usiuze hata mnazi mmoja.

Wewe umetoka nyumbani kwa ugonjwa wenyewe. Lyme ni jina la mji mdogo huko Connecticut. Mwaka 1975 akina mama wa pale waliona watoto wao wanavimba magoti mmoja baada ya mwingine, wakaambiwa ni baridi yabisi ya watoto. Hawakukubali. Mmoja wao, Polly Murray, alikuwa ameandika kila kitu kilichoipata familia yake, tarehe kwa tarehe, akaenda nayo kwa daktari Allen Steere wa Chuo Kikuu cha Yale. Ndipo uchunguzi ukaanza. Bakteria mwenyewe alikuja kuonekana ndani ya kupe mwaka 1981 na Willy Burgdorfer, na jina lake la kisayansi, Borrelia burgdorferi, limetoka kwa huyo bwana. Nakusimulia haya ili ujue kwamba goti lako lilikuwa la ugonjwa kweli na dawa uliyopewa ilikuwa ya kweli.

Sasa damu. Kingamwili zikishatengenezwa hukaa miaka, hata bakteria wakiwa wamekwisha kufa. Kipimo chako kinasema tu kwamba ulipigana vita hivyo, hakisemi kwamba adui bado yumo. Ndiyo maana baada ya tiba hatupimi tena kuangalia kupona. Aliyekupima angekwambia hilo kabla ya kupokea pesa yako, lakini haya.

Uchovu wako sisemi ni wa kubuni. Katika kila watu 100 waliotibiwa Lyme, kama 5 hadi 10 hubaki na uchovu, maumivu na akili nzito kwa miezi, pengine zaidi ya mwaka. Sababu yake bado haijapatikana barabara, na wengi hupata nafuu kwa muda. Kilichojulikana ni kwamba kuongeza antibiotiki hakusaidii. Walijaribu Marekani, matokeo yakachapishwa 2001: dripu ya mwezi mmoja na vidonge vya miezi miwili juu yake, hakuna tofauti na waliopewa dawa bandia. Wakajaribu Uholanzi, wagonjwa 280, wote wakaanza na wiki mbili za seftriaksoni, halafu wakagawanywa: wengine wiki 12 za doksisiklini, wengine wiki 12 za dawa nyingine mbili kwa pamoja, wengine wiki 12 za vidonge visivyo na dawa ndani. Mwaka 2016 wakatoa majibu. Makundi yote matatu yalikuwa sawa.

Na dripu ya miezi si maji ya uzima. Mrija unaokaa kwenye mshipa huingiza wadudu kwenye damu, huleta damu iliyoganda, na antibiotiki ndefu huharibu matumbo mtu akaharisha hadi kulazwa. Marekani kuna waliokufa kwa tiba za namna hiyo wakati ugonjwa wao haukuwa wa kuua. Hizo "dawa za kutoa sumu" nazo, ini na figo zako zinafanya kazi hiyo bure.

Badala yake nenda kwa daktari yeyote mwenye subira, umwambie akutafute vingine: upungufu wa damu, sukari, tezi ya shingo, na usingizi wenyewe, je, unakoroma mpaka pumzi inakatika? Mwulize pia habari za huzuni. Mtu aliyekaa miaka minne ughaibuni akarudi akakuta rafiki zake wametawanyika huwa na uchovu usiopimika maabara, na si aibu. Anza kutembea. Toka Langoni, fuata ufuo, nenda nusu ya njia ya Shela kabla jua halijakali, urudi. Wiki ijayo ongeza kidogo. Ukijisikia umechoka sana kesho yake, punguza, usiache.

Lakini goti likivimba tena, rudi hospitali upesi, hiyo ni habari nyingine. Huenda ukapewa duru ya pili ya vidonge au seftriaksoni ya wiki mbili hadi nne, na likikataa baada ya hapo, mabingwa wa viungo hulitibu kama uvimbe wa kinga ya mwili iliyosahau kuacha vita, na antibiotiki huachwa.

Shikamoo Bi. Nachunga mbuzi kandokando ya msitu wa Arabuko-Sokoke. Wiki iliyopita niliota mtoki, nikaona pajani kidonda kidogo chenye kigaga cheusi, na homa na kichwa havitulii. Zahanati walinipima malaria hakuna. Nimesoma kwenye simu ni Lyme. Je, nimekwisha? — Mchungaji, Gede

Marahaba. Hujakwisha, na si Lyme. Wewe hujatoka Gede, na kupe wa Lyme hatoki Ulaya kuja Gede kwa miguu. Kigaga cheusi mahali alipouma kupe, mtoki upande huohuo, homa na kichwa: hiyo inafanana sana na homa ya kupe wa Afrika, inayoletwa na bakteria aitwaye Rickettsia africae, na kupe wake ni hao wanaoning'inia kwa ng'ombe na pori. Watalii wanaotoka mbugani hurudi nayo kwao mara kwa mara, daktari wa huko akababaika kama nilivyobabaika mimi na Mbelgiji wangu. Dawa yake ni doksisiklini tena, kwa kawaida chini ya siku kumi. Rudi zahanati, vua suruali, onyesha kigaga. Wengi huona haya kuonyesha paja wakatoka na panadoli. Shingo ikikakamaa, ukipoteza fahamu, au ukitokwa na damu popote, usingoje foleni.

Nyumbani kwetu kuna mwingine wa kukumbukwa, naye ni papasi. Huyu ni ndugu wa kupe, mlaini, anakaa kwenye nyufa za sakafu ya udongo na ukuta wa fito. Huuma usiku na kurudi shimoni kabla ya alfajiri, kwa hiyo ukimwuliza mgonjwa kama ameumwa na kupe atasema hapana, na anasema kweli. Homa ya papasi hupanda siku chache, hushuka, mtu anadhani amepona, kisha hurudi. Bakteria wake ni binamu wa yule wa Lyme. Anaitwa Borrelia duttonii, kwa jina la Joseph Dutton, daktari Mwingereza aliyekufa kwa homa hiyohiyo akiichunguza Kongo mwaka 1905. Ukilala shambani kwenye nyumba ya udongo na homa ikawa ya kuja na kuondoka, mwambie mtu wa maabara asitosheke na kile kipimo cha haraka cha malaria. Aweke tone la damu kwenye slaidi atazame kwa hadubini wakati homa imepanda. Wadudu hao huonekana palepale, wamejikunja kama uzi uliokatwa. Hawa nao huisikia doksisiklini.

Kupe akishanasa, nimwagie mafuta ya taa au nimchome na sigara? — Mwenye Mbwa, Maweni

Usifanye hata kimoja. Bibi yangu alituita mmoja mmoja tukirudi kutoka shamba la Mkunumbi, "Ndoo hapa," akatukagua nyuma ya masikio kwa kandili. Kwa kukagua hakuwa na mpinzani. Kwa kutoa alikosea, maana alitumia mafuta ya taa. Kupe anayebanwa roho hutapika, na anakutapikia wewe. Chukua kibano chembamba cha nyusi, mshike karibu kabisa na ngozi, si tumboni, vuta juu taratibu bila kupinda. Kidomo kikibaki ndani, kiache, ngozi itakitoa. Osha kwa sabuni au spiriti. Kisha andika tarehe kwenye kalenda ya ukutani. Daktari akikuuliza baada ya wiki tatu, hutakuwa unabahatisha.

Je, kuna chanjo ya Lyme? Mwanangu anakwenda kusoma Marekani. — Baba Mwanafunzi, Mkomani, Lamu

Ilikuwapo Marekani, ikaruhusiwa 1998, ikaondolewa sokoni 2002 kwa kukosa wanunuzi. Ninapoandika haya, mbwa wanayo, watu hawana. Mwambie akienda msituni avae suruali ndefu, aichomeke ndani ya soksi, na jioni ajikague akioga.

Nimepewa doksisiklini kwa homa ya kupe. Siku ya tatu baharini mikono na pua vimeungua kama nimemwagiwa mafuta ya moto, na kifua kinachoma nikimeza. Niache dawa? — Nahodha, Ngomeni

Usiiache kabla ya kuonana na aliyekupa. Dawa hiyo huifanya ngozi isiweze jua, hata ngozi nyeusi, na walipaswa kukwambia kwamba wewe ni mtu wa bahari. Siku zilizobaki nenda kuvua usiku, au vaa kanzu ya mikono mirefu na kofia pana ya ukindu. Kifua kinachoma kwa sababu kidonge kimekwama njiani. Umekimeza kwa funda moja ukajilaza, sivyo? Meza ukiwa umekaa wima, maji glasi nzima, na usilale kwa nusu saa. Chakula hakidhuru, ila maziwa, dawa za kiungulia na vidonge vya kuongeza damu vikae mbali na kidonge kwa saa mbili au zaidi. Chai ya maziwa na mahamri ya alfajiri itangojea. Kumeza kukizidi kuuma hata maji hayapiti, rudi ukabadilishiwe.